Ngozi ya Migi

Leo nina jambo la kukiri. Nimelibeba tangu nikiwa kidato cha tatu, na kila nikishika kalamu kuendelea na riwaya yangu, linanikaba koo.

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Tunduma, palikuwa na kipande cha bati. Urefu wake kama mkono wa mtu mzima, chepesi ajabu, kina safu ya ribiti pembeni na herufi za Kirusi zilizokwisha kufifia. Bibi alikitumia kufunikia pipa la maji. Babu alikiita "ngozi ya Migi".

Babu alikuwa askari wakati wa Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini mwetu Oktoba 1978, vijana wetu wakayarudisha yalikotoka, na tarehe 7 Aprili 1979 wakauteka mji wa Entebbe. Babu anasema aliingia uwanja wa ndege siku chache baadaye, akakuta mabaki ya ndege za kivita aina ya MiG zilizotengenezwa Urusi ya Kisovieti. Nyingine zilikuwa zimeharibiwa na makomandoo wa Israeli usiku ule wa Julai 1976 walipokuja kuwaokoa mateka. Babu akabandua kipande, akakitia ndani ya begi, na vita vilipokwisha akaja nacho kwa treni ya TAZARA mpaka Tunduma.

"Wenzangu walirudi na redio," alikuwa akituambia. "Mimi nimerudi na ushahidi."

Basi siku moja nilitaka hela ya daftari kubwa, na nusu ya daftari hilo, sifichi, nilikusudia kuandikia hadithi zangu. Babu kaenda shamba, bibi kaenda sokoni. Akapita yule bwana wa chuma chakavu na baiskeli yake. Nikampa ngozi ya Migi. Akaitundika kwenye mizani yake ya ndoano, akasema kilo moja na nusu, akanipa shilingi 3,000. Nikafunika pipa kwa kipande cha mbao, nikala kona. Jioni bibi aliuliza, nikanyamaza. Babu hakuuliza kitu.

Mwaka uliofuata tulipelekwa na mwalimu kuona Kimondo cha Mbozi. Si mbali na kwetu, ni humu humu mkoani Songwe. Ni pande la chuma lililoanguka kutoka angani. Wenyeji walilijua zamani, ila wataalamu walilitambua mwaka 1930. Hutajwa kuwa na uzito wa tani 12. Walichimba kulizunguka, wakaliachia kitako cha kulishikilia, na watu wanalipa kiingilio kulitazama. Ukisogea karibu unaona alama za mahali watu walipochokoa vipande. Wenzangu wakacheka, "Hili ukiliuza skrepa, umetoka kimaisha!" Mimi sikucheka. Nilijiona nimesimama mbele ya hakimu.

Toka siku ile nikaanza kusoma habari za ndege za zamani, kila nilipopata kitabu au mtandao. Nikagundua kumbe wapo watu wanaohangaika nazo kama mtu anavyomuuguza mzazi wake. Romania walistaafisha MiG-21 zao Mei 2023, na mjini Bucharest wana makumbusho ya ndege tupu. Kazi yenyewe si mchezo. Ndege lazima iwekwe kivuli, maana jua huunguza kioo cha rubani kikawa njano. Inanyanyuliwa kwa vigingi ili matairi yasibebe uzito. Mdomo wa injini unazibwa, la sivyo nyigu na popo wanahamia. Mafuta yanakaushwa, na baruti iliyo chini ya kiti cha rubani inatolewa, isije ikamrusha mgeni mpaka darini.

Na sisi je? Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya, rafiki wa Amin, ilikuja kupiga Mwanza. Ilikuwa Tupolev Tu-22. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saa Nane, yakaua swala. Ndege za aina hiyo Warusi waliziuzia nchi mbili tu, Libya na Iraki. Kijana wa Mwanza akitaka leo kuona iliyotaka kumuua babu yake inafananaje, itabidi asafiri mpaka makumbusho kama yale ya Monino, karibu na Moscow.

Wapo waliofanya vingine, na si mbali. Mjini Hargeisa, kule Somaliland, MiG-17 imesimamishwa juu ya nguzo katikati ya mji. Mwaka 1988 ndege za serikali ya Siad Barre ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa penyewe, zikageuka na kuupiga mji ule ule. Watu wa pale wangeweza kuiyeyusha wakatengeneza sufuria, na nani angewalaumu? Wakaipandisha juu ili mtoto akiuliza "Hii nini?" mkubwa apate pa kuanzia.

Hapo ndipo nilipolielewa neno la babu. Ndege mbovu haihifadhiwi kwa sababu ni nzuri. Inahifadhiwa kwa sababu mashahidi wanakufa. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yametunza magari aliyotumia Mwalimu Nyerere, na ni jambo jema. Lakini vile vidogo viko majumbani mwetu, chini ya vitanda na juu ya mapipa, na anayevijia wa kwanza ni mwenye mizani.

Mwezi uliopita nilimaliza sura ya Entebbe. Nikaenda kumsomea babu. Nikamwamkia, akaitikia, nikasoma. Nilipofika penye ngozi ya Migi sauti ikakatika. Nikamwambia yote, na zile shilingi 3,000.

Alikaa kimya, anachezea fimbo yake. Kisha akasema, "Nilijua jioni ile ile, mjukuu wangu. Na huyo bwana alikuibia. Ile ilikuwa kilo mbili."

Nilitaka kucheka, nikalia.

"Pipa lipo?" akauliza.

Lipo, lina kutu. Tukaenda wote uani. Akanyoosha mkono juu ya mdomo wa pipa, akanionyesha ribiti zilikuwa upande gani, herufi zilianzia wapi, mahali palipokuwa pameungua moto. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini vidole havikukosea.

"Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" akasema. "Usisimame tu. Andika."

Nikaandika pale pale, nimeegemea pipa, kwenye karatasi za mwisho za lile daftari.