Mkono Nilioinua Madhabahuni

Leo sina mahubiri. Nina ungamo, na linaanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Novemba 2004 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliacha New York likaja kuketi hapa Nairobi, pale Gigiri, kwa sababu ya vita vya Sudan. Aliyeshika kiti alikuwa balozi wa Marekani, mzee mrefu mwenye mvi, John Danforth. Nilikuwa nikitazama habari dukani, jamaa mmoja akasema, "Huyo ni kasisi." Nilidhani anatania.

Hakuwa anatania. Danforth alimaliza masomo ya sheria na theolojia Yale mwaka 1963 na kuwekewa mikono katika Kanisa la Episkopali. Akawa mwanasheria mkuu wa jimbo la Missouri, kisha akakaa Seneti miaka 18. Alikuwa Republican, lakini mtu wa katikati. Mwaka 1991 alihangaika kati ya chama chake na wale wa upande wa pili mpaka sheria ya haki za raia ikapita. Juni 2004 aliongoza ibada ya mazishi ya Rais Reagan, na wiki chache baadaye akawa balozi.

Sudan alishatumwa tangu Septemba 2001 kama mjumbe maalum. Sisi Wakenya tunaijua ile kazi: Machakos, Naivasha, na Jenerali Sumbeiywo wetu akiwakalisha meza moja watu waliopigana zaidi ya miaka 20. Gigiri pande zote mbili zilitia sahihi ahadi ya kumaliza kabla ya mwaka kuisha, na tarehe 9 Januari 2005 mkataba ukatiwa sahihi hapa hapa Nairobi. (Darfur iliendelea kuungua, tusijisifu sana.)

Basi miaka yote nimemtumia huyu kasisi kama mfano kwamba mtumishi anaweza kuingia siasa asichafuke. Mwaka 2022 nikajiona mimi ndiye Danforth wa wadi yetu. Mheshimiwa mmoja alikuja ibada ya Jumapili na bahasha ya mabati. Nikamwita madhabahuni, nikainua mkono wake, nikasema Bwana amenionyesha.

Bwana hakuwa amenionyesha kitu. Nilikuwa nimeonyeshwa mabati.

Mama mmoja wa kikundi cha maombi alikuwa na mpwa wake akigombea kiti hicho hicho. Alikaa mpaka baraka ya mwisho, akachukua mkoba wake, hakurudi tena. Niliwaambia wazee wa kanisa kwamba ameasi.

Juzi nilisoma upande wa Danforth ambao sikuwa nikiusimulia. Mwaka 2005 aliandika gazetini akikikemea chama chake mwenyewe kwa kujigeuza chombo cha kundi moja la Wakristo. Lakini baadaye yeye huyo huyo alimlea kijana mmoja kisiasa, Josh Hawley, akamsukuma agombee Seneti. Januari 2021 Hawley akawa miongoni mwa maseneta waliopinga kura za Joe Biden zisiidhinishwe, siku ile Bunge lao lilipovamiwa. Danforth, akiwa na miaka 84, alisema hadharani kwamba kumuunga mkono Hawley ndilo kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya.

Nilikuwa nimeketi kanisani nikisoma hayo kwa simu. Mvua ilikuwa inapiga yale mabati.

Jana nilienda kwa yule mama. Alinipa chai kama zamani. Nikamwambia, "Mama, nilidanganya madhabahuni, na nikatumia jina la Bwana. Halafu nikakusingizia wewe."

Alinyamaza sana. Kisha akauliza, "Pasta, Jumapili utasema hivyo mbele ya wale waliokusikia?"

Nikasema ndiyo.

Jumapili ni kesho kutwa. Mheshimiwa mwingine ameshapiga simu, 2027 inakaribia, anataka dakika tano tu za kusalimia kanisa, na choo chetu hakijakamilika. Niombeeni, wapendwa.