Mbwa anaharisha, chanjo isubiri?

Katika nyumba moja hapo Ngerengere, mtoto wa miaka saba hatengani na mbwa wake wa miezi minne. Wiki ya tatu sasa mbwa anaharisha. Siku mbili nafuu, kisha anarudia. Chanjo ya kichaa cha mbwa imeshaahirishwa mara moja. Baba anashikilia kuwa mnyama mgonjwa hachanjwi. Mama, kila akimwona mwanawe akilambwa usoni, anakosa amani.

Wote wana hoja. Mbwa mwenye homa, aliyelegea na kukataa chakula, atibiwe kwanza. Huyu wao anakula na anakimbiza kuku wa jirani. Afisa mifugo alimpima joto akapata nyuzi 38.7, ambalo kwa mbwa ni la kawaida. Akampa dawa ya minyoo, akamchanja siku ileile. Baba aliuliza kama sindano yenyewe haitamtia kichaa. Haiwezi, maana virusi vyake vimeshauawa.

Tatizo la "tusubiri apone" ni kwamba halina tarehe. Kinga nayo huchukua wiki kadhaa kujengeka, na binadamu akishaonyesha dalili za kichaa, karibu kila mara hufa. Ukiambiwa usubiri, ondoka na siku ya kurudi.

Ila mbwa akibadilika ghafla, akawa mkali au akatiririka mate, asiguswe. Aitwe afisa mifugo. Mtoto aking'atwa, hata na mbwa aliyechanjwa, oshea kidonda maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo.