Simu ya Upepo Yataka Mkono Mtulivu

Mtu asimamaye Voi akitazama upande wa magharibi huiona milima ya Taita, na kilele chake cha Vuria chenye kimo kilichopita mita 2,200. Huko juu imesimikwa milingoti ya mawasiliano, kwa kuwa mawimbi ya redio hufika mbali zaidi yatokapo mahali pasipozuiwa na kitu. Kaskazini ya mji hutandaa mbuga ya Tsavo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948. Tembo akiingia shambani mwa mtu usiku, au askari wa wanyamapori akiumwa na nyoka mbali na barabara, redio, ambayo wazee waliiita simu ya upepo, ni msaada mkubwa. Kwa hiyo aitengenezaye ameshika mkononi uhai wa mtu asiyemwona.

Watu wengi hudhani kwamba ufundi wa redio ni werevu tu. Werevu wahitajika, lakini utaratibu hutangulia. Jambo la kwanza ni kukata umeme kabla ya kufungua kifuniko. Hata ukisha kukatwa, haifai kutia mkono upesi, maana kapasita kubwa huweka umeme ndani yake kama mtungi uwekavyo maji. Katika mitambo ya valvu umeme huo huweza kuwa wa volti mamia, hata maelfu. Fundi mwenye busara huuondoa kwa rizista, kisha hupima kwa mita, ndipo aguse.

Redio itumiayo betri ya volti 12 huonekana pole kama mwana-kondoo. Lakini spana ikigusa ncha mbili za betri kwa pamoja hupata moto mara moja, na pete iliyoguswa hivyo huunguza kidole vibaya. Yafaa pete ivuliwe, na waya wa hasi ufunguliwe kwanza. Tena betri ya tindikali inapochajiwa hutoa gesi iwakayo upesi. Isiwekwe katika chumba kisichopitisha hewa, wala mtu asivute sigara karibu nayo.

Liko kosa jingine liharibulo chombo chenyewe, nalo ni kubonyeza kitufe cha kusema wakati antena haijafungwa. Nguvu ikikosa njia ya kutoka hurudi ndani, na yaweza kuunguza transista.

Kazi ya mlingotini ina hatari zake. Mtambo uzimwe kabla mtu hajapanda, mkanda wa usalama ufungwe, na wingu la radi likionekana milimani kazi iachwe. Waya wa ardhi uchunguzwe kabla ya mvua za Machi na za Oktoba. Nalo vumbi jekundu la Voi lipanguswe kwa brashi kavu kila mara, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwisho, redio isirudishwe kwa mwenyewe mpaka imesema na kusikiwa, nayo imesikia na kujibu. Ikiwa bado ina kasoro, iandikwe wazi kuwa ni mbovu. Redio iliyokufa hujulikana, na mtu hutafuta njia nyingine; bali ile iliyotengenezwa nusu humdanganya mwenyewe mpaka saa ya shida, naye yuko peke yake porini.