Mvumo Katika Mkono

Mtu aliyeharibikiwa figo, ambaye damu yake husafishwa kwa mashine, uhai wake hutegemea mshipa mmoja wa mkono. Daktari wa upasuaji huunganisha ateri na vena. Damu ya ateri huingia venani kwa nguvu, nayo vena hupanuka na kukomaa hata ikastahimili sindano nene, aghalabu mara tatu kwa juma. Kiungo hicho huitwa fistula. (Jina hilo lisiwatishe kina mama: hii siyo ile ya uzazi.) Asili yake ni hospitali ya maveterani wa jeshi huko Bronx, New York, Brescia, Cimino na wenzao waliitangaza mwaka 1966.

Adui wa mshipa huo ni kusinyaa. Njia hubana pole pole, mkondo hupungua, kisha damu huganda, pengine katika usiku mmoja. Hospitali kubwa huupima mkondo kwa mawimbi ya sauti, bila kuchoma ngozi. Fistula ikipitisha chini ya mililita 500 kwa dakika hutiliwa shaka. Lakini mashine hiyo haimfuati askari mstaafu hadi nyumbani kwake, vilimani Itaba, na kutoka mji wa Gitega mpaka Bujumbura ni kiasi cha kilomita 100 za barabara ya milima.

Huko zamu ya ulinzi humwangukia mgonjwa na mkewe, na silaha zao ni vidole na sikio. Kila asubuhi vidole vikiwekwa juu ya kovu husikia mtetemo, mithili ya paka anayekoroma kwa raha. Sikio likiinamishwa husikia mvumo mzito usiokatika. Mvumo ukigeuka mluzi mwembamba, au mtetemo ukawa pigo gumu, njia imeanza kuziba. Mkono ukiinuliwa juu, vena yapasa kunywea. Ikibaki imetuna, kuna kizuizi mbele yake. Damu isiyokoma upesi baada ya sindano kutolewa nayo ni dalili, kadhalika mkono kuvimba. Mtetemo ukitoweka kabisa, siku ya zamu ya mashine haingojwi. Safari ni ile ile saa.

Mkono huo haupimwi shinikizo la damu, hautolewi damu ya vipimo, haulaliwi, wala haubebi debe la maji. Mkanda wa bunduki nao uhamie bega la pili.

Kabla ya kuondoka kliniki, mke amwombe mwuguzi amwekee vidole juu ya kovu, aujue mtetemo ulio mzima angali na wa kumsahihisha.