Kilo 57 Dhidi ya Foreman: Nani Bora?

Wasee, huu mjadala wa bondia bora duniani bila kujali uzani hauishi. Mmoja anasema Usyk, mwingine Inoue, mwingine Crawford, na kabla chai ipoe watu wameshanuniana. Kwangu shida si majina. Shida ni swali lenyewe.

Wengi huuliza, "Wakiingia ulingoni, nani atampiga nani?" Sasa hilo ni swali gani? Naoya Inoue alikusanya mikanda yote ya kilo 53 na ushee mwaka 2022, kisha ile yote ya kilo 55 na ushee mwaka 2023. Mpeleke kwa Oleksandr Usyk wa uzani wa juu uone. Hiyo si ndondi tena, ni kesi ya polisi. Hata Sugar Ray Robinson aliitwa bora paundi kwa paundi kwa sababu mashabiki walitaka njia ya kumsifu fundi bila kumlazimisha kupigana na majitu.

Mimi nauliza hivi: huyu mtu amefanya nini na mwili aliopewa? Amewapiga akina nani, na amewapiga vipi? Usyk alimaliza kazi kwa mabondia wa kilo 90 mwaka 2018, akapanda, na Mei 2024 akamshinda Tyson Fury, jamaa wa zaidi ya mita 2. Terence Crawford naye alipanda hadi kilo 76 Septemba 2025 akamnyang'anya Canelo Álvarez mikanda yote. Heshima.

Lakini msiniambie kupanda uzani ndiyo kila kitu. Marvin Hagler alitetea ubingwa wake mara 12 kati ya 1980 na 1987 bila kuhama. Kila aliyebisha mlango alifunguliwa. Utamnyima nafasi kwa sababu alikaa kwake?

Na sisi Wakenya tungefaa kuelewa hii stori kuliko wengi. Olimpiki ya Mexico City, 1968, George Foreman alibeba dhahabu ya uzani wa juu. Philip Waruinge wetu, kilo 57, alipata shaba. Lakini tuzo ya Val Barker, ile ya bondia mwenye ustadi kuliko wote, haikwenda kwa Foreman. Ilikwenda kwa Waruinge. Miaka 4 baadaye, Munich, akaongeza medali ya fedha. Uliza vijana mtaani kwenu: Foreman wanamjua, Waruinge je?

Hii inanigusa kwa sababu niliacha chuo, na kila tukikutana familia napimwa na binamu mwenye digrii. Mizani ni moja, watu ni tofauti. Sisemi tusipimane. Nasema tuangalie mtu alianzia wapi na amebeba nini kabla ya kumpa namba.

Haya, leteni tano bora zenu. Ila kila jina lije na sababu, si kelele.