Kumtafutia Farasi Mzee Kambi

Wengi wetu tuliozaliwa upande wa Tanga tulimjua farasi kwa vitabu kabla ya kumwona kwa macho. Mbung'o wa nyikani, na vile vijidudu viumavyo usiku ambavyo huchukua ugonjwa wa farasi wa Afrika, walimzuia mnyama huyu asienee katika nchi zetu. Pwani mzigo ulikuwa wa punda, na bara mzigo ulikuwa wa kichwa cha mtu. Basi wasomaji watuwie radhi tukieleza kwa urefu jambo ambalo kwa mkulima wa Marekani ni la kawaida kabisa: mtu apendaye kwenda kupumzika msituni siku mbili tatu pamoja na farasi wake, atajuaje ni kambi ipi imfaayo?

Sisi, mume na mke na binti yetu wa miaka 13, twakaa nje kidogo ya mji wa Bloomington, katika jimbo la Indiana. Chuo kikuu cha mji huo hufundisha Kiswahili, na kazi hiyo ndiyo iliyotufikisha huku. Jirani yetu ni bibi mjane wa miaka 78, naye ana farasi wawili. Mmoja ni jike mtulivu wa miaka 12. Wa pili ni maksai wa miaka 26, mwekundu, ambaye binti yetu humwita Shaba kwa ajili ya rangi yake. Kwa farasi, miaka 26 ni uzee hasa. Meno yake yamelika, nyasi kavu humchukua muda mrefu kuzitafuna, na chakula chake cha jioni sharti kilowekwe maji kwanza. Hata hivyo macho yake ni mazima na miguu haijachoka, na kila alasiri binti yetu humsugua, humwangalia kwato, na kumtembeza.

Mwana wa bibi huyu, akaaye Ohio, alimshauri mama yake auze farasi wote wawili kabla ya majira ya baridi. Hakusema kwa ubaya. Alihofu mama asije akaanguka zizini peke yake, tena katika theluji. Lakini sote tulijua maana ya kumpeleka mnadani farasi wa umri ule. Machinjio ya mwisho ya farasi katika Marekani yalifungwa mwaka 2007, na tangu hapo farasi wasiotakiwa na mtu husafirishwa mbali kwa malori mpaka Mexico au Canada kuchinjwa huko. Bibi alikaa kimya siku mbili, kisha akampigia mwanawe simu, akamwambia: "Tutamtia Shaba katika trela, tulale naye msituni siku tatu, na mtoto huyu ndiye atakayemtunza. Akirudi mzima, atabaki. Akinishinda, nitafanya utakavyo." Mwana akakubali. Ndipo bibi akatugeukia sisi, kwa kuwa goti lake lilikuwa limevimba, akasema, "Wanangu, nitafutieni kambi. Mimi siwezi kuzunguka."

Twaweza kusema bila haya ya kuwa kazi ile ilitukosesha usingizi.

Jambo la kwanza ni maji, na hapo farasi hapitani na wapagazi wa zamani, ambao nao walipiga kambi penye maji au hawakupiga kabisa. Farasi mmoja hunywa galoni 5 hata 10 kwa siku, na siku ya joto huzidi. Asipokunywa, huku anakula nyasi kavu, chakula humkwama matumboni. Naye Mungu hakumjalia kutapika kama mbwa. Kilichoingia hakirudi kwa njia kilikoingilia. Maumivu ya tumbo yakimshika aweza kufa kabla ya siku kwisha, na mzee mwenye meno mabovu ndiye aliye katika hatari zaidi. Tena farasi ni mchaguzi: maji ya bomba la ugeni yakiwa na harufu asiyoizoea, huyanusa, hupuliza pua, akageuza kichwa.

Kambi ya kwanza tuliyoitazama ilikuwa ya mtu binafsi, nasi hatutaitaja jina. Kwa macho ilikuwa nzuri kupita zote: vibanda vya mbao vilivyopakwa rangi, taa, bafu la maji ya moto, hata duka dogo. Mwenyewe alitupokea kwa ukarimu akatuonyesha kibanda ambacho Shaba angelala, sakafu yake imetandikwa maranda mapya. Mke aliinama akachota konzi moja, akaona yamechanganyika, mengine meupe na mengine ya rangi nyeusi nyeusi kama kahawa. Akauliza ni ya mti gani. Mwenye kambi akajibu kwamba hununua kwa fundi seremala aliye jirani, ni ya miti ya kila namna. Kumbe huko Indiana maseremala wengi huranda mbao za jozi nyeusi, ambazo ni mbao za thamani, lakini maranda yake ni sumu kwa kwato za farasi. Hata yakiwa sehemu ya tano tu ya matandiko, farasi akisimama juu yake usiku mmoja aweza kuamka kwato zina moto na hawezi kupiga hatua. Hatukusema kwamba maranda yale yalikuwa ya jozi, maana hatukuwa na hakika. Lakini aliyeyatandika naye hakuwa na hakika. Tuliaga tukaenda zetu.

Ya pili ilikuwa mojawapo ya kambi za farasi zilizomo katika Hoosier National Forest, msitu wa serikali ulioko kusini mwa jimbo. Mume aliipenda mara moja. Ndani ya msitu huo mna pori la Charles C. Deam, kiasi cha ekari 13,000, lililotengwa kwa sheria mwaka 1982 lisiingiwe na magari wala misumeno ya mashini, na utulivu wake ni wa namna ambayo hatukuisikia tangu tulipotoka Usambara. Farasi huko hawana vibanda. Hufungwa katika kamba ya juu iliyovutwa baina ya miti miwili, juu kidogo ya kichwa chake, ili aweze kugeuka na kulala pasipo kujitatanisha miguu. Mikanda mipana huzungushwa mtini kwanza, kamba isije ikakata gome. Kumfunga farasi moja kwa moja kwenye shina ni jambo wanalolichukia sana mabwana misitu, kwa maana mnyama akichoshwa na kusimama huparura mizizi na kuguguna gome, na mti hufa miaka mingi baada ya mgeni kusahau kwamba alipita.

Lakini maji ya kambi ile ilikuwa lazima tuyachukue wenyewe kutoka nyumbani, kwa farasi wawili na watu wanne kwa siku tatu. Tena tulipotoa simu bondeni haikupata mawimbi, na daktari wa mifugo wa karibu hakuwa karibu. Mume alisema maji yachukulika, na watu waliishi bila simu. Mke alisema watu ndiyo, ila Shaba ana miaka 26. Tulibishana njia nzima ya kurudi, kwa adabu, mpaka binti yetu aliyeketi nyuma akauliza, "Sasa Bibi atashukaje kile kilima akienda chooni?" Hapo maneno yakatuishia.

Ya tatu ni kambi ya wapanda farasi katika Brown County State Park, hifadhi iliyofunguliwa mwaka 1929, ambayo ndiyo kubwa kuliko hifadhi zote za jimbo hilo. Ina maili 70 hivi za njia za farasi, katika vilima vya mialoni. Karibu yake pana mji mdogo uitwao Nashville (si ule wa Tennessee wenye sifa ya muziki). Maji yako karibu, ardhi ya kambi imesawazishwa kiasi cha kumfaa mtu mwenye fimbo, na trela yaweza kugeuzwa bila dereva kutokwa jasho. Jambo moja lamstahili kila achukuaye farasi: asiingie kwa lango la kaskazini. Pale pana daraja la mbao lenye paa, la mwaka 1838, lililohamishwa likaletwa hapo mwaka 1932. Ni zuri kulitazama, lakini paa lake ni la chini na trela ndefu haipiti. Wenye farasi wana mlango wao upande mwingine.

Hata hivyo mahali hapo nako kuna tatizo, nalo ni uzuri wake wenyewe. Mwezi wa Oktoba majani ya vilima vile hugeuka mekundu na ya manjano, na watu huja kwa maelfu kuyatazama. Kambi hujaa, farasi wageni hupangana pua kwa pua, na maradhi ya mafua hupita toka ndoo moja hata ndoo nyingine. Na katika miti ile mmojawapo ni mepo mwekundu. Majani yake mabichi hayana madhara makubwa, bali yakianguka na kunyauka huharibu damu ya farasi. Ratili chache tu zatosha kumwua. Bibi alikuwa na hamu ya kuyaona majani ya Oktoba, kwa maana ndiyo aliyokuwa akienda kuyatazama na marehemu mumewe. Kumwambia kwamba haitawezekana hakukuwa rahisi. Alitusikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Majani nimekwisha kuyaona."

Tukachagua katikati ya Septemba, Jumatatu mpaka Jumatano, wakati watoto wengi wako shuleni na kambi ina nafasi. Siku hizo nazo zina adui wake, ndio nyigu wachimbao viota ardhini kandokando ya njia. Farasi wa kwanza akikanyaga kiota, wa pili ndiye aumwaye. Kwa hiyo tulikusudia kutembea na Shaba katika njia pana tu, na kutompanda zaidi ya saa moja.

Kabla ya safari daktari wa mifugo alikuja kuchukua damu ya farasi wote wawili. Kuna ugonjwa wa damu usio na dawa, uenezwao na pange, na kipimo chake kilibuniwa mwaka 1970 na daktari wa Chuo Kikuu cha Cornell, Leroy Coggins. Mpaka leo watu huita karatasi ile kwa jina lake. Majimbo mengi hayaruhusu farasi kuvuka mpaka pasipo karatasi hiyo ya miezi 12 iliyopita, na makambi nayo huweza kuidai. Sisi hatukuvuka mpaka, ila tuliiweka katika bahasha pamoja na namba ya simu ya daktari, tukaipigilia ndani ya mlango wa trela.

Tena kwa muda wa siku tano kabla ya kuondoka, binti yetu alitia kikombe cha maji ya tufaha katika ndoo ya Shaba kila asubuhi, ili azoee ladha ile, na huko ugenini maji yote yawe kama ya nyumbani kwake. Hili si uganga wetu. Wenye farasi wengi hufanya hivyo. Tulichukua pia nyasi zake mwenyewe, ndoo zake mwenyewe, na reki ya kuzolea samadi, maana aachaye samadi kambini huwaachia wenziwe mainzi.

Safari ilikuwa fupi, pungufu ya saa moja, naye alishuka trelani akitetemeka kidogo. Mwana wa bibi alikuwa amekwisha kufika kutoka Ohio, amesimama kando ya gari lake, mikono kifuani. Hatukumlaumu. Yule jike alikunywa mara moja, akaanza kula. Shaba alinusa ndoo, akainua kichwa, akatazama msitu. Saa kumi na mbili jioni hakuwa amekunywa hata tone, wala chakula chake kilicholowekwa hakukigusa. Binti yetu alikuwa ametia maji ya tufaha kama siku zote, akachora kwa chaki mstari ndani ya ndoo penye kimo cha maji, kisha akaleta kiti akaketi. Bibi alitaka kumwambia akalale, akaghairi, akaleta kiti chake pia.

Sisi wawili tuliingia hemani tukalala na viatu. Mara kwa mara tulisikia sauti zao, moja nyembamba na moja nzito, wakizungumza juu ya farasi ambao bibi alikuwa nao alipokuwa msichana. Mwana wa bibi naye hakulala. Tuliona taa ya gari lake ikiwaka na kuzimika. Yapata saa tisa ya usiku maneno yakakoma, tukainuka kwa hofu, tukachungulia. Bibi alikuwa ameinua kidole tunyamaze. Shaba alikuwa ameinamisha shingo, na masikio yake yalikuwa yakienda mbele na nyuma kwa kila funda, kama ilivyo kawaida ya farasi anywapo. Alipoinua kichwa, binti yetu alimulika ndoo kwa tochi. Mstari wa chaki ulikuwa umebaki juu kabisa, mahali pakavu, upana wa kiganja na zaidi. Mwana wa bibi alikuja taratibu gizani, akaitazama ndoo, akauliza bomba liko upande gani, akaenda kuijaza.