Usiku wa Kiza Micheweni

Msafiri atokaye Chake Chake kwenda kaskazini mwa Pemba hupita Wete na Konde katikati ya vilima vya mikarafuu na minazi, na kivuli hakimwishi njiani. Akishaiacha Konde na kushika njia ya mashariki, ardhi humgeukia. Udongo hupungua na mawe huzidi, na kando ya barabara huona mafungu ya kokoto yangojayo mnunuzi, na watu, wengi wao wanawake, wameketi na nyundo mikononi. Hiyo ndiyo Micheweni, nchi ya mawe, ya uvuvi na ya mwani.

Tulifika mwezi wa Februari, katika siku za mwisho za Shaaban, na siku hizo tulizichagua kwa makusudi. Nia yetu ilikuwa kuitazama mbingu ya kusini mwezi ukiwa haupo. Mwenyeji wetu, mvuvi mzee, alipoambiwa alicheka akasema, "Basi nyinyi na sisi twatumia kalenda moja." Kweli wavuvi wa dagaa husubiri siku za kiza, kwani taa zao hazimvuti samaki mbalamwezi inapong'aa.

Wenye darubini kubwa za dunia nao hawana kalenda nyingine. Ziko nyota ambazo, mwisho wa umri wao, hulipuka na kung'aa kama galaksi nzima, kisha hufifia kwa majuma na miezi. Wataalamu huziita supanova. Katika galaksi moja mlipuko huo hutokea mara chache mno katika miaka mia, wala hakuna ajuaye siku yake. Basi katika miaka ya 1990, Saul Perlmutter na wenzake walipotaka kuzichunguza zilizo mbali kabisa, walikutana na kizuizi kisichokuwa cha mbinguni: wagawaji wa zamu za darubini hawakutaka kumpa mtu usiku wao kwa ajili ya jambo asiloweza kuahidi kwamba litatokea.

Hila waliyoipata ilikuwa nyepesi, nasi twaipenda kwa wepesi wake. Walipiga picha za maelfu ya galaksi mara tu baada ya mwezi mwandamo. Wakangoja kiasi cha majuma matatu, wakapiga picha za pale pale kabla ya mwandamo wa pili, wakazilinganisha. Palipozidi nukta ya nuru, ndipo palipolipuka nyota. Kwa kuwa galaksi zilikuwa nyingi, hapakukosekana mlipuko; na kwa kuwa aina ile ya supanova huchukua kama majuma matatu kufikia kilele chake, waliipata ingali changa, na siku za kiza zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Hivyo waliweza kuomba zamu miezi mingi mbele. Mwaka 1998 kundi lao na kundi la Brian Schmidt na Adam Riess yalitangaza kuwa supanova za mbali ni hafifu kuliko ilivyotarajiwa, maana yake ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi. Watu hao watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Zile za mbali jicho halizioni kamwe. Lakini tarehe 24 Februari 1987 ilionekana moja ya karibu, katika Wingu Kubwa la Magellan, nayo jicho tupu liliiona; tangu mwaka 1604 haikuonekana mfano wake. Nuru yake ilikuwa imesafiri kiasi cha miaka 168,000. Watu wa Ulaya hawakuweza kuiona kwao, ila hapa Micheweni wingu hilo hupanda juu ya upeo wa kusini jioni za Februari. Tulimwuliza mzee kama aliiona. Alifikiri kitambo, akajibu kwamba mwaka ule alikuwa baharini kila usiku wa kiza, na huenda aliiona, lakini hakuna aliyemwambia kuwa ilikuwa ngeni.

Jibu hilo lilituchoma. Mwaka 396 wa Hijra, yaani 1006, nyota kubwa kuliko zote zilizoandikwa ilitokea upande wa kusini, na Ali ibn Ridwan, kijana wa Misri, akaiandika kwa uangalifu hata wataalamu wa leo wanaitegemea habari yake. Pemba Waislamu walikwishakuwapo, na kwao nyota ile ilikuwa juu zaidi mbinguni. Hatuna mstari hata mmoja kutoka kwao.

Baada ya Isha tulitoka nje ya mji na vijana wanne wa chuoni na darubini ndogo ya mkono. Maji yalikuwa yakikupwa. Mzee alituonyesha Suheli, nyota waliyoifuata manahodha warudipo kwao, kwani Jaa huzama kabla hujafika Pemba. Chini ya Suheli, kwa muda wa kuhesabu mia hivi, tuliliona lile wingu, jeupe kama moshi wa jiko la mbali. Kisha mawingu ya mvua yakalifunika. Tulingoja hadi saa sita, na nuru pekee iliyobaki ilikuwa ya taa za dagaa baharini.

Kijana mdogo kuliko wote alikuwa amekwisha kuchora alichokiona katika daftari lake: Suheli, wingu, na nyota saba za kando, na tarehe juu. Akauliza siku za kiza za mwezi ujao zinaanzia lini. Mzee akamhesabia kwa vidole, naye akaziandika.